Mifuko ya Nadhiri ya Mama

Mama alizaa watoto watatu kabla yangu, na wote aliwazika kabla hawajaanza kutambaa. Alipokuwa na mimba yangu aliweka nadhiri. Mungu akimjalia mtoto wa kukua, kila Idi ya kumaliza mfungo atawapa watoto wa mtaa wetu vitu vitamu, kila mtoto na mfuko wake, mpaka siku atakayoingia kaburini. Nikazaliwa, nikaishi. Ndiyo maana kazi ya mifuko niliijua kabla sijajua kusoma.

Nyumba yetu ilikuwa Kasingirima, upande wa Ujiji ambako njia zinateremkia ziwani. Baba alikuwa fundi cherehani na mashine yake ilikaa barazani. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, Mama alikwenda kwa miguu hadi Katubuka kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa, akaomba mifuko ya saruji iliyokwisha kazi. Mfuko wa saruji una karatasi kadhaa zilizopandana. Ya nje tuliiwashia moto, ya ndani kabisa ilikuwa vumbi tupu, lakini za katikati zilitoka safi na ngumu, rangi yake kama chai ya maziwa. Tulizipangusa kwa kitambaa kikavu, tukazikata, tukazikunjia juu ya kibao cha chapati ili mifuko yote itoke kipimo kimoja. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Kwa mapambo Mama alinunua rangi za kutia mikeka, nyekundu na kijani, akachonga kiazi kikawa muhuri wa mwezi na nyota. Alipiga muhuri mmoja mbele na mmoja nyuma, basi. Mama hakuwa mtu wa madoido. Alisema watoto wanakula kilichomo, hawali mfuko. Ndani tulitia visheti, kashata za karanga, tende na peremende za kijiti, tukafunga mdomo kwa uzi wa Baba.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao vita vya ng'ambo vilituletea watu. Walikuja kwa boti za injini, kwa mitumbwi ya uvuvi, kwa chochote kilichoelea. Ukienda sokoni Ujiji ulisikia Kiswahili cha upande wa pili kila kona, chenye lafudhi ya kuvuta, na ukiona mtu amesimama katikati ya njia na godoro kichwani bila kujua aelekee wapi, hukuhitaji kuuliza ametoka wapi. Wenye ndugu walifikia kwa ndugu zao. Wasio na mtu walipokewa na serikali, wakapakiwa kwenye malori kwenda kambini.

Mgeni wetu alifika mwezi wa Shaabani, asubuhi, akiwa ameongozana na binti yake wa kama miaka sita. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kitenge kimoja na kujitanda kingine, na mkononi alikuwa na kifurushi kidogo tu. Alisimama mbele ya baraza akamwamkia Baba kwa heshima, kisha akasema maneno ambayo ni wazi alikuwa ameyarudia njia nzima.

"Bwana yangu alisema, kama mambo inakuwa mubaya, mutafute fundi wa nguo mu Kasingirima, mwenye nilimutengenezea mulango ya uani."

Baba akaachia gurudumu la mashine. Miaka mingi nyuma, kabla sijapata akili, seremala mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, alikwama Ujiji akisubiri boti, na Baba akamlaza kwetu wiki nzima. Yule seremala hakutaka kula bure, akatutengenezea mlango wa uani. Baba hakuwahi kumwona tena, lakini mara kwa mara zilikuja salamu kwa wafanyabiashara wa mawese. Huyu alikuwa mke wake.

Baba alimuuliza seremala mwenyewe yuko wapi. Mgeni akasema anakuja. Alikuwa amebaki nyuma kwa sababu mama yake mzazi ni mzee, hawezi kukimbia, na boti waliyoipata ilikuwa na nafasi ya mama na mtoto tu. Angepanda inayofuata. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema mumewe amechelewa sokoni. Mama aliwapeleka chumba cha uani, akateka maji ya kuoga, na hakuuliza watakaa mpaka lini.

Kila siku baada ya kumaliza kazi za asubuhi, mgeni wetu alijitanda akaenda Katonga, maana pale ndipo wavuvi waliposhusha samaki na ndipo habari za ziwani zilipofikia kwanza. Ni mwendo mrefu kwa miguu. Alizunguka kati ya akina mama wauza dagaa na kuuliza boti gani imeingia, imetoka wapi, imebeba nani. Wale akina mama, wengi wao Waha wa vijiji vya ufukweni, walimzoea. Walimwita mke wa seremala, na mara nyingi alirudi na fungu la dagaa alilopewa bure. Jioni alikaa uani akichambua dagaa, binti yake akimlalia mapajani, na Mama hakumwuliza kitu. Ukimwona mtu amerudi peke yake, umeshajibiwa.

Yule mtoto nilimpenda upesi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa na ndugu. Alinifuata kisimani, alinifuata chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alilala nimemshika mkono. Alikuwa na tabia ya kuhesabu watu kabla ya kula. Alitunyooshea kidole mmoja mmoja, Baba, Mama, mimi, mama yake, yeye mwenyewe, kisha akasema, "Bado baba na koko." Koko ndiyo bibi kwa lugha ya kwao. Hapo ndipo tuliposema bismillahi.

Ramadhani ikaingia. Kumi la mwisho Mama akaleta mifuko ya saruji kama kawaida yake na tukaanza kukunja. Mgeni wetu siku ya kwanza alitutazama tu. Siku ya pili aliuokota mfuko mmoja uliokwisha kupigwa muhuri, akaugeuza huku na huku, akauliza kwa adabu kama mu Ujiji Idi inakuwaga ya batu bazima, yaani watu wazima, peke yao. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mgeni akaingia chumbani, akafungua kile kifurushi, akatoka na mkasi mweusi wenye ncha nyembamba.

Ndipo tukajua kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Alikuwa akipamba kumbi za harusi kwa karatasi. Katika vitu vyote vya nyumba yake, alipoambiwa chukua unachoweza, alichukua huo mkasi na nguo za mtoto.

Sijapata kuona tena mikono ya namna ile. Alikunja karatasi mara nne, mara nane, akaing'ata kwa mkasi hapa na pale, vipande vikamdondokea mapajani kama maganda ya karanga, na alipoikunjua ulikuta safu ya nyota zimeshikana mikono. Mdomo wa mfuko aliukata ukawa mawimbi. Alinituma niokote karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara barabarani, akazibandika nyuma ya matundu ya nyota zikawa zinamulika. Kutokana na karatasi za daftari zilizotiwa rangi nyekundu alisokota maua madogo, akayashona mbele ya mfuko kwa sindano ya Baba. Mama aliacha kupiga muhuri wake. Alikaa anakoroga gundi na kutazama. Siku moja nilimsikia akimwambia Baba kwamba miaka yote hii alikuwa akidhani anamtimizia Mungu ahadi, kumbe alikuwa akimtupia.

Na katika siku hizo mgeni wetu alizungumza. Mikono ikiwa kwenye karatasi, mdomo wake ulifunguka. Alitusimulia jinsi seremala alivyomwona mara ya kwanza, yeye akiwa juu ya ngazi anafunga maua ya karatasi kwenye dari, na jinsi alivyomwambia ngazi ile imetengenezwa vibaya itamwangusha. Kesho yake akaleta ngazi mpya. Baada ya hapo alileta kiti, kisha meza, mpaka baba mzazi wa mgeni wetu akauliza huyu kijana anahamia au anaoa. Alicheka mwenyewe akisimulia, na mtoto wake alicheka kwa sababu mama yake anacheka.

Mtoto alitaka mfuko wake autengeneze mwenyewe. Mama yake akampa karatasi. Alipoumaliza, umepinda upande, gundi imemjaa hadi viwikoni, alitaka karatasi nyingine. Nilimwambia kila mtoto mfuko mmoja. Akasema huu wa pili ni wa baba, na akaniomba nimwandikie, kwa kuwa yeye hakujua kuandika. Niliandika BABA kwa rangi ya kijani. Chini yake alichora kitu ambacho alisema ni boti, na ndani ya boti watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja amekaa.

Habari zilikuja siku chache kabla ya mwezi kuandama. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, tumetandaza mifuko uani ikauke. Mwanamume mmoja aliletwa na jirani, mtu wa Uvira naye, amevaa suruali ya kuazima inayomfika juu ya vifundo. Alikuwa amemsikia Katonga mtu akimtaja mke wa seremala. Hakutaka kukaa. Alisema yeye na seremala walikuwa ufukweni pamoja. Seremala alikuwa amembeba mama yake mgongoni. Zilikuwapo boti mbili. Yeye alipanda ya kwanza, seremala na mama yake wakapanda ya pili. Upepo uliwakuta katikati ya ziwa. Ya kwanza ilifika. Ya pili waliiona ikiinuka, wakaiona ikishuka, halafu hawakuiona.

Mgeni wetu alikuwa na mkasi mkononi. Hakuuweka chini.

"Ulimuona kuzama?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nilimuona kupanda."

"Basi. Aksanti kwa kufika."

Akaendelea kukata. Nakumbuka hata alichokuwa akikata, lilikuwa pindo la mawimbi, na halikupinda hata kidogo. Yule mwanamume akamtazama Baba, kisha akaaga. Mtoto alikuwa barazani akicheza na vipande vya kitambaa, hakusikia.

Baada ya futari Mama alimfuata chumbani. Mlango ulikuwa wazi na nilikuwa ninaosha vikombe palepale nje. Mama alimwambia kwa upole kwamba watu wazima wanaelewa maana ya habari ile, na kwamba mwanamke aliyefiwa ana haki yake na mume ana haki yake, akae eda, watu waje wamsomee marehemu dua. Mgeni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "nikiikala eda, ni kusema nimemuzika. Miye sijamuzika mutu. Bwana yangu iko mu njia."

Mama hakushindana naye. Baba alikwenda kumwuliza imamu wa msikiti wetu, na imamu akasema mwanamke asilazimishwe. Mtu aliyeonekana akipanda boti si maiti. Akija shahidi aliyemwona amekufa, hapo ni jambo jingine; asipokuja, sheria ina muda wake wa kusubiri, nao ni mrefu. Kwa hiyo tukakaa hivyohivyo. Asubuhi alikwenda Katonga, mchana alikata karatasi, na mtoto aliendelea kutuhesabu kabla ya kula. Kilichobadilika ni kwamba mgeni hakusimulia tena. Baba naye aliacha kutumia mlango wa uani. Alizunguka kwa mbele kila alipotaka kwenda chooni.

Mwezi ukaandama. Siku ya Idi watoto wa mtaa walipanga mstari kuanzia barazani kwetu hadi kwenye ukuta wa jirani, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na Mama akatoa mifuko. Hakuna mtoto aliyefungua. Hilo sijawahi kuliona kabla wala baada. Miaka mingine kashata zilikuwa zinaliwa kabla ya kufika kona, lakini mwaka ule waliishika mifuko yao kwa mikono miwili, wakaitazama, wakaonyeshana nyota zinavyomulika. Mwanamke mmoja jirani alisema wa mwanawe atautundika ukutani. Mgeni wetu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Mama alimwita aje aone watoto wanavyofurahi, naye akasema anaona.

Mtoto wake alikuwa na mifuko miwili. Wake hakuugusa. Ule wa baba aliukumbatia kifuani na akanisihi tumpelekee Katonga, kwa sababu leo ni sikukuu na kila mtu anakuja nyumbani siku ya sikukuu. Nilimtazama mama yake. Akatikisa kichwa kukubali, akageuka ndani.

Tukaenda sisi wawili, na nguo zetu mpya alizotushonea Baba za kitambaa kimoja. Katonga ilikuwa kimya kuliko siku zote kwa kuwa wavuvi Waislamu walikuwa hawakutoka. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani na meza za samaki zilikuwa tupu, isipokuwa akina mama wachache waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye mchanga. Mtoto alikwenda kwa kila mwanamume aliyemwona karibu na boti, akamwamkia shikamoo, akauliza kama baba yake amekuja naye. Wengi walisema hapana, mtoto mzuri. Mmoja alinitazama mimi, akaelewa, akachuchumaa akamwambia leo ziwa limepumzika, boti haziji. Mama mmoja mzee wa Kiha alitupa mgebuka wa kukaanga, tukala tumekaa kwenye ubavu wa mtumbwi. Mtoto alimkatia baba yake mkia, kisha akafikiri, akasema samaki ataharibu karatasi, akaula.

Tulikaa mpaka jua likaanza kuteremka. Sikujua namna ya kumwambia turudi. Mwishoni alisema mwenyewe, "Twende, pengine amepita njia ingine." Akanipa mfuko nimbebee kwa sababu mikono ilikuwa imechoka.

Idi pili, asubuhi, walikuja wavuvi wawili kutoka kijiji kimoja cha mbali ufukweni, upande wa kaskazini. Imamu ndiye aliyewaleta. Walisema ziwa liliwatupia watu pale kijijini kwao, nao wakawazika kwa heshima, Mkristo kwa Mkristo na Mwislamu kwa Mwislamu pale walipoweza kutambua, na wale wasiojulikana waliwaombea kwa namna zote mbili. Walikuwa wakizunguka kuwatafuta ndugu wa marehemu. Baba aliwakaribisha barazani. Mgeni wetu alisimama mlangoni amejitanda, Mama pembeni yake. Mtoto nilikuwa nimempeleka uani, lakini mimi nilirudi mpaka ukumbini.

Baba hakuwaambia anamtafuta nani. Aliwauliza kama kati ya wanaume waliowazika kulikuwa na wa makamo. Wakasema wapo. Akawauliza mikono yao ilikuwaje.

Mmoja wao, mwenye mvi, alifikiri. Akasema wa makamo mmoja alikuwa na mkono wa kushoto ambao kidole cha shahada kilikuwa hakina ncha, kimekatika zamani kikapona, na kiganja kilikuwa kigumu kama cha mtu wa randa na msumeno. Alimkuta mwenyewe kwenye matete. Alikuwa amejifunga kitenge mgongoni, kimekazwa fundo kifuani, kama mtu anavyombeba mtoto, lakini ndani ya kitenge hakukuwa na mtu.

Baba aliinamisha kichwa. Kidole kile alikuwa amekitazama wiki nzima mlango wetu ukitengenezwa. Mgeni wetu alisema, "Ni yeye," kwa sauti ya kawaida, kisha akaanguka. Mama alimdaka.

Walimwingiza chumbani. Majirani wakajaa, mashine ya Baba ikafunikwa, mikeka ikatandikwa. Mama alimwogesha, akamvisha nguo nyeupe, na yeye aliinua mikono na kuishusha alipoambiwa. Kisha Mama akauliza nani amwambie mtoto, akasema yeye yuko tayari. Mgeni akakataa. Alisema niende nimlete.

Alimpakata. Alimwambia, kwa maneno machache ambayo sikuyasahau, "Baba na koko bamekufa mu maji. Batu bazuri bamebazika. Hatutaenda tena Katonga."

Mtoto alimtazama usoni. "Basi vitu yake nani atakula?"

Mama yangu ndiye aliyesema vitu vya marehemu hutolewa sadaka, awape watoto wenzake, baba atapata thawabu. Mtoto akateremka pajani, akauchukua mfuko pale ulipokuwa juu ya sanduku, akatoka. Nilidhani anakwenda barabarani kwa watoto. Nilipomfuata nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa chini, ameutatua mfuko na anakula. Alikula visheti vyote, akala kashata, akala tende na kokwa akazimeza, peremende akaitafuna na kijiti chake. Alikula haraka, bila kulia, kama mtu aliyetumwa kazi na ana haraka ya kuimaliza. Alipomaliza alitapika. Nilimshika paji la uso, akatapika mpaka ikawa maji tu, na hapo ndipo kilio kilipomtoka. Sijui nilimshika kwa muda gani. Ndani walikuwa wamekwisha anza kusoma hitima.

Mgeni wetu alikaa eda kwetu, miezi minne na siku kumi. Katikati ya eda mwenyekiti wa mtaa alikuja kwa masikitiko na amri: waliokuja kwa boti wote waandikishwe waende kambini, hata waliofikia majumbani mwa watu. Mama alitoka akamwambia mwanamke mwenye eda hatolewi nyumbani, na kama kuna lori linalotaka kuja kumchukua, lije limchukue na yeye. Mwenyekiti alikuwa mtu muungwana. Alisema hajamwona mtu yeyote mwenye eda, akaenda zake, na hakurudi mpaka eda ilipokwisha.

Siku ya lori Baba aliwashonea mifuko miwili ya kitambaa yenye mikanda, akamwekea mgeni sindano na nyuzi. Mama alimpa sufuria na blanketi. Wale wanawake wawili walishikana muda mrefu kando ya barabara na hawakusema lolote la maana. Mama alikuwa akimkumbusha kufunika chakula, naye akiitikia ndiyo, ndiyo. Mtoto hakunitazama. Alikuwa amekasirika na mimi, na nafikiri alikuwa na haki, maana nilikuwa nimemwambia kuwa sisi ni ndugu, na ndugu hawapakiwi kwenye lori mmoja akabaki.

Tulipata ruhusa ya kuwatembelea mara moja tu. Walikuwa wamejenga kibanda cha udongo chenye paa la turubai. Mgeni alikuwa amekonda, lakini wanawake wenzake walikuwa wakimletea karatasi za maboksi ya chakula cha msaada na yeye aliwakatia mapambo ya harusi, maana hata kambini watu walioana. Alituambia hilo kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuendelea kuishi. Ramadhani iliyofuata Mama alirudi kwenye muhuri wake wa kiazi. Alijaribu kukata nyota, zikatoka kama mboga zilizoliwa na kuku, akacheka, akaacha.

Mama alifariki nikiwa nimekwisha olewa. Uvimbe wa tumbo ulimla kwa mwaka mzima. Nilimuuliza imamu kama nimeirithi nadhiri yake, nikajibiwa kwamba nadhiri ya mtu hufa naye, isipokuwa deni. Yeye hakuacha deni. Salamu za rambirambi kutoka kambini zilitufikia kwa mchuuzi wa samaki baada ya arobaini. Mgeni wetu alikuwa ameomba kibali cha kuja kuzika akanyimwa.

Amani ilipotangazwa ng'ambo, meli ilianza kuwarudisha watu kutoka bandari ya Kigoma. Nilipata habari kwamba majina yao yamo, nikaenda na mwanangu mgongoni. Uwanja wa bandari ulikuwa umejaa watu, mabegi, kuku, milango iliyong'olewa kambini ikiwa imefungwa kwa kamba. Niliwatafuta mpaka nikakata tamaa, halafu nikamwona msichana mrefu amesimama kama mama yake alivyosimama mbele ya baraza letu siku ile. Alikuwa na miaka kama niliyokuwa nayo mimi wakati ule.

Aliniamkia shikamoo, kwa lafudhi ya Kigoma kabisa. Mama yake alinikumbatia, akamchukua mwanangu, akamshika muda wote tuliokaa. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja. Aliniuliza kaburi la Mama liko upande gani wa makaburi, nikamweleza, akasema atalikumbuka kwa dua kwa kuwa hatapewa nafasi ya kwenda.

Msichana alizungumza kidogo. Aliniambia anaogopa shule ya huko kwa kuwa wanasoma kwa Kifaransa na yeye hajui neno hata moja. Aliuliza kama bado kuna akina mama Katonga wanaouza mgebuka wa kukaanga. Kisha, wakati watu wa bandari wameshaanza kuita majina, alisema, "Dada, mimi sura ya baba siikumbuki. Najaribu, haiji. Mama anasema nafanana naye, basi najitazama."

Nilimwambia Baba yangu alimkumbuka vizuri, na kwamba alikuwa mtu mwenye mikono mizuri. Akasema asante.

Waliitwa, wakapanda. Meli ilichelewa kuondoka na kwa muda niliweza kuwaona kwenye ukingo, kisha watu wengine wakasimama mbele yao. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja aliniletea salamu kwamba walifika salama, kwamba nyumba yao waliikuta na watu wengine ndani, na kwamba walikuwa wamepanga chumba karibu na soko. Baada ya hapo nilituma salamu mara nyingi, kwa watu wengi. Hakuna aliyerudi na jibu.